Kwa Nini Mtoto Huweka Jembe Pamoja na Mahindi
Jinsi watoto wanavyojifunza kupanga vitu kwa makundi, na kazi ya kamati za parokia katika Tarime na Serengeti



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo linalowahusu wote wanaosimamia au kuchangia madarasa ya chekechea na elimu ya awali katika wilaya za Tarime na Serengeti. Jambo hilo ni namna mtoto anavyojifunza kupanga vitu kwa makundi. Kwa kulitazama juu juu laweza kuonekana dogo. Lakini mara nyingi ndilo linalotumika kuamua kama mtoto "yuko tayari" kwa darasa la kwanza au ni "mzito". Mtoto akishapewa jina hilo, si rahisi livuke mwaka huo bila kumfuata hadi madarasa ya mbele.

Chukulia zoezi la kawaida. Mwalimu anachora ubaoni jembe, shoka, panga na hindi, kisha anauliza: kipi si cha kundi hili? Jibu linalotakiwa ni hindi, maana vingine vyote ni zana. Mtoto mmoja anajibu kwamba ni shoka. Anapata kosa. Hakuna anayemuuliza sababu. Angeulizwa angesema hivi: jembe ni la kulimia mahindi, panga ni la kukatia mabua, na shoka ni la kuni. Mtoto huyu amepanga, na amepanga kwa sababu inayoeleweka. Ametumia tu njia ambayo mwalimu hakuikusudia.

Lengo la makala hii ni kuonyesha kwamba zipo njia mbili za kupanga, kwamba mtoto anazihitaji zote mbili, na kwamba shule inapaswa kuanzia kwenye ile ambayo mtoto anatoka nayo nyumbani.

KUPANGA KUNA FAIDA GANI?

Bila makundi, kila kitu kingekuwa kigeni. Mtoto aliyeng'atwa na mbwa mmoja hujihadhari na mbwa wengine kwa sababu amekwisha kuwaweka katika kundi moja. Hesabu nayo inategemea makundi: hatuwezi kusema "mbuzi watano" kabla ya kukubaliana nani ni mbuzi na nani si mbuzi. Kusoma vilevile. Mtoto anayejifunza herufi lazima atambue kwamba "a" iliyoandikwa na mwalimu, "a" ya kitabuni na "a" aliyoichora mavumbini kwa kijiti ni herufi ile ile. Hivyo basi, kupanga ni msingi wa kusoma, kuandika na kuhesabu.

HATUA ZA UKUAJI

Watoto hawalingani, na umri tunaoutaja hapa ni wa makadirio tu. Mtoto anaweza kutangulia katika jambo moja na kuchelewa katika lingine.

Mwaka wa kwanza. Kupanga huanza kabla ya kusema. Katika utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1993, Paul Quinn na wenzake waliwaonyesha watoto wa miezi mitatu hadi minne picha nyingi za paka. Kisha wakawaonyesha picha mbili, ya paka mwingine na ya mbwa. Watoto waliitazama zaidi ile ya mbwa, kwa kuwa ilikuwa ngeni kwao. Kwa maana nyingine, walikuwa wamekwisha kuwaona paka wote kama kitu kimoja.

Mwaka mmoja hadi mitatu. Mtoto anaanza kutenga vitu kwa mikono yake: mawe upande huu, vijiti upande ule. Maneno yanaongezeka haraka, na majina ya kwanza huwa ni ya kiwango cha kati. Atasema "kuku" kabla ya "ndege wa kufugwa", na "ng'ombe" kabla ya "mifugo". Katika umri huu umbo lina nguvu kubwa. Kitu chenye umbo la kikombe ni kikombe, chochote kilichomo ndani yake.

Miaka mitatu hadi mitano. Ukimpa mtoto rundo la vitu na kumwambia aweke pamoja vinavyofanana, anaweza kuanza na vizibo vyekundu, akahamia kwenye kijiti chekundu, kisha akaweka vijiti vingine vya rangi yoyote. Mara nyingine anajenga nyumba au boma kwa vitu hivyo. Jean Piaget na Bärbel Inhelder wa Uswisi walieleza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1959: mtoto wa umri huu anajenga picha, na kigezo chake hubadilika njiani. Huo si ukaidi. Bado ni vigumu kwake kushikilia kigezo kimoja hadi mwisho.

Miaka mitano hadi saba. Sasa anaweza kushika kigezo kimoja, na baadaye kukibadili kwa makusudi: kwanza kwa rangi, kisha kwa ukubwa. Lakini bado kuna jambo linalomshinda. Weka mezani punje saba za maharage mekundu na tatu za maharage meupe. Muulize: "Yapi ni mengi zaidi, maharage mekundu au maharage yote?" Watoto wengi wa miaka mitano na sita watajibu "mekundu". Wanalinganisha mekundu na meupe, kwa sababu ni vigumu kwao kuiona punje moja ikiwa nyekundu na wakati huo huo ikiwa sehemu ya maharage yote.

Miaka saba, minane na kuendelea. Mtoto anaanza kuona kwamba kundi dogo limo ndani ya kundi kubwa: maharage mekundu ndani ya maharage, maharage ndani ya mazao. Hapo kujumlisha na kutoa kunapata maana, kwa kuwa 7 na 3 ni sehemu za 10, na ukiondoa 3 katika 10 unabaki na 7.

NJIA MBILI ZA KUPANGA

Njia ya kwanza ni kuweka kitu na mwenzake wa kazi: jembe na mahindi, kinu na mchi, ng'ombe na fimbo. Njia ya pili ni kuweka kitu na vya aina yake: jembe na shoka, kinu na sufuria, ng'ombe na mbuzi. Shule hutumia zaidi njia ya pili. Maisha ya nyumbani hutumia zaidi njia ya kwanza, kwa sababu anayekwenda shambani hachukui zana zote za nyumba. Anachukua zile za kazi ya siku hiyo.

Je, anayetumia njia ya kwanza ana akili ndogo? Wataalamu wa zamani waliwahi kufikiri hivyo. Mwaka 1931 na 1932 Alexander Luria, mtaalamu kutoka Urusi, aliwahoji wakulima wa Uzbekistan na Kyrgyzstan. Aliwaonyesha nyundo, msumeno, shoka na gogo, akawauliza kipi kiondolewe. Wakulima wasiosoma walikataa kuondoa gogo. Walieleza kwamba bila gogo msumeno na shoka havina kazi. Waliopitia shule, hata kwa muda mfupi, walikubali kwa urahisi zaidi kwamba gogo si zana.

Miaka ya 1960 Michael Cole, John Gay na Joseph Glick walifanya kazi kama hiyo Liberia, miongoni mwa Wakpelle. Wakulima waliopewa vyakula, nguo, zana na vyombo waliviunganisha kwa kazi, kisu pamoja na tunda na jembe pamoja na kiazi, na kueleza kwamba ndivyo mtu mwenye busara anavyofanya. Glick anasimulia kwamba hatimaye mkulima aliulizwa mjinga angefanyaje. Hapo akapanga vyakula peke yake na zana peke yake, sawasawa na walivyotaka watafiti! Uwezo wa kupanga kwa aina alikuwa nao siku zote, ila hakuona sababu ya kuutumia.

Tukiutazama mfano huu, ni dhahiri kwamba jibu la mtoto linategemea pia swali alilolisikia. Mwaka 1984 Ellen Markman na Jean Hutchinson wa Marekani walionyesha jinsi neno moja linavyobadilisha mambo. Mtoto mdogo akionyeshwa kitu na kuambiwa "tafuta kingine kama hiki", mara nyingi huchagua mwenzake wa kazi. Kitu hicho kikipewa jina, hata jina geni asilolijua, na mtoto akaombwa kutafuta kingine chenye jina hilo, huelekea zaidi kuchagua kitu cha aina ile ile. Jina la kundi linamwambia mtoto aangalie aina. Hili tutalirudia katika sehemu ya kazi za kamati.

MTOTO WETU ANAKUJA NA NINI?

Kuanzia Sirari na Nyamwaga hadi Mugumu, mtoto wa miaka mitano haji shuleni mikono mitupu.

Kwanza, anajua mifugo. Mtoto anayefuatana na kaka zake machungani anajifunza kutofautisha ndama, mtamba, fahali na maksai. Anajifunza pia kwamba ng'ombe mmoja anaweza kuwa jike, mwekundu, mwenye maziwa, na aliyeingia bomani kwa mahari ya dada. Kukiweka kitu kimoja katika makundi mengi kwa wakati mmoja ndiko kunakowashinda wengi katika lile zoezi la maharage. Mtoto wa aina hiyo yuko njiani kukuweza, akianzia kwa ng'ombe.

Pili, anajua kuchambua. Nyumbani watoto huchambua maharage na mboga, hutenga mbegu nzuri na mbovu, na hutumwa kwa jirani kuleta kitu fulani bila kukosea. Kwa Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya, Sara Harkness na Charles Super walikuta kwamba wazazi humwita mtoto mwenye akili kwa neno ng'om, wakimaanisha mtoto anayeona kazi inayotakiwa na kuitekeleza bila kusukumwa. Wazazi hao walitofautisha akili hiyo na ile ya shuleni.

Tatu, lugha yenyewe imemfundisha kupanga. Kiswahili, Kikuria, Kingoreme, Kiikoma na Kinata zote ni lugha za Kibantu, na kila jina ndani yake lina ngeli. Anayesema Kiswahili hawezi kusema sentensi moja bila kupanga. Ng'ombe amekunywa, bali ndoo imejaa. Kiti kimevunjika, bali kifaru anakuja. Embe huzaliwa na mwembe, na chungwa na mchungwa. Mtoto hafundishwi kanuni hizi ubaoni, lakini anatenga vyenye uhai na visivyo na uhai kila anapofungua kinywa.

Nne, makundi ya nyumbani hayalingani daima na ya kitabuni. Kwa kawaida yetu mboga ni chochote kinacholiwa na ugali. Mtoto anayeweka dagaa, nyama na mchicha pamoja amejibu vizuri kwa kipimo cha jikoni, ingawa mtihani wa sayansi utamtaka atenge mimea na wanyama. Vivyo hivyo zahanati husema "wadudu wa malaria", na mtoto anafikiria kitu chenye miguu. Hakuna sababu ya kumcheka. Aelezwe tu kwamba hapa tunapanga kwa namna nyingine, na kwa nini.

Aidha, tukumbuke picha. Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979. Walitakiwa kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Zambia waliongoza, kwa kuwa wamezoea kutengeneza magari ya waya. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Mtoto aliyeshindwa kupanga picha anaweza kufaulu akipewa vitu vyenyewe mkononi.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba ujuzi wa nyumbani unatosha. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 wa Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Watoto hao walijua dawa nyingi za mitishamba na ugonjwa unaotibiwa na kila moja, yaani mpango mkubwa wa makundi kichwani. Lakini waliojua sana dawa hawakuwa ndio waliofanya vizuri katika vipimo vya darasani. Katika baadhi ya vipimo mwelekeo ulikuwa kinyume kabisa. Ujuzi wa nyumbani hauvuki peke yake kuingia darasani. Lazima mtu mzima ajenge daraja, na hapo ndipo kamati inapohitajika.

HATARI YA CHUPA YA SODA

Kuna sehemu moja ya somo hili isiyongoja shule. Tumesema kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hupanga zaidi kwa umbo. Kwake chupa ya soda ni soda. Katika nyumba nyingi mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea mifugo na dawa ya kunyunyizia mazao huwekwa katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Vidonge vya rangi navyo vinafanana na peremende. Mtoto anayekunywa mafuta ya taa hakuwa mtundu. Amefuata kanuni ile ile anayoitumia kutambua vikombe na vijiko. Kumkanya hakutoshi katika umri huo, maana onyo ni la maneno na chupa iko mbele ya macho yake. Tunaziomba kamati zilitangaze jambo hili katika jumuiya: sumu na dawa zibaki katika vyombo vyake vya asili, juu na chini ya kufuli, na chupa ya soda isitumike kamwe kwa kazi hiyo.

KAZI ZA KAMATI ZA PAROKIA

Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, elimu ya awali ya mwaka mmoja ni ya lazima. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Kamati zinazosimamia vituo zina nafasi nzuri ya kuchangia. Tunapendekeza yafuatayo:

1. Anzeni na vitu vya hapa. Vizibo, punje za mahindi na maharage, mbegu, vijiti, mawe, majani, vibuyu vidogo, vipande vya kitenge. Vioshwe na kuhifadhiwa katika vikapu. Punje ndogo zisiachwe kwa walio chini ya miaka mitatu, kwa sababu huweza kuziba koo.

2. Mlezi aulize "kwa nini umeweka hivi?" kabla ya kusema sawa au si sawa. Jibu la mtoto ndilo litakaloonyesha amefika hatua gani.

3. Mtoto akishapanga, aombwe kupanga tena kwa namna nyingine. "Vizuri, jembe na mahindi vinakwenda pamoja shambani. Sasa tuweke zana peke yake." Hapo mtoto anajifunza kwamba vitu vile vile vinaweza kupangwa kwa njia zaidi ya moja.

4. Makundi yapewe majina, kwa lugha ya nyumbani kwanza na kwa Kiswahili baadaye: mifugo, zana, nafaka, vyombo. Kama tulivyoona, jina humsaidia mtoto kuangalia aina. Mlezi asiyejua lugha ya watoto amwombe bibi au babu wa jirani kuja siku moja kwa wiki.

5. Kazi za nyumbani zitumike kama somo. Kurudisha vijiko mahali pake, kutenga nguo safi na chafu na kuchambua maharage ni mazoezi kamili, kwa wavulana na wasichana vilevile. Lakini kazi isiwe sababu ya kumzuia mtoto kwenda shule. Mchungaji hodari wa miaka saba anastahili dawati.

6. Mtoto asirudishwe nyuma kwa sababu ya zoezi moja la picha. Ajaribiwe kwa vitu halisi, kwa lugha anayoielewa, na zaidi ya siku moja. Akiwa bado haelewi maagizo, hasikii vizuri au haoni vizuri, apelekwe kituo cha afya mapema.

KWA WAFADHILI WETU

Wengi wenu mmependa kutuma vifaa vya kuchezea vya plastiki, na nia hiyo ni njema. Kwa kazi tuliyoieleza hapa, kinachokosekana zaidi ni mtu mzima mwenye muda na subira. Mlezi mmoja mwenye watoto wengi mno hawezi kumuuliza kila mmoja "kwa nini?". Kwa hiyo mchango unaosaidia zaidi ni posho ya mlezi wa pili, mafunzo ya walezi, uji wa ulezi wa asubuhi, na kabati lenye kufuli. Vifaa vyenyewe vinapatikana shambani na jikoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

- Katika kituo chetu, mtoto akikosea zoezi la kupanga, nani humuuliza sababu?
- Ni vitu gani kumi vya hapa kijijini tunavyoweza kukusanya mwezi huu bila gharama?
- Ni watoto wangapi waliorudishwa nyuma mwaka uliopita, na walipimwa kwa lugha gani?
- Katika jumuiya yetu, mafuta ya taa na dawa za mifugo huwekwa katika chombo gani?

Majibu yenu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za kikao, kisha yasomwe tena mwisho wa muhula mbele ya wazazi na walezi.